Paka, Mizani na Msimulizi: Ufundi wa Hadithi ya Kuchekesha Karagwe na Kyerwa



1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, kicheko kimepewa kigoda cha nyuma. Tanzia hufundishwa, tendi huhaririwa, riwaya za dhamira nzito huandikiwa tasnifu. Lakini hadithi ya kuchekesha husomwa kama mtu alaye karanga njiani, na maganda hutupwa bila kuhesabiwa. Mhadhara huu unakusudia kuyaokota baadhi ya maganda hayo. Unachunguza ufundi wa mtungaji wa vichekesho kwa kumfuata mnyama mmoja mdogo, naye ni paka, na unalifanya hilo kwa kuzingatia eneo moja: wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera.

Huenda msikilizaji akauliza, kwa nini paka? Jibu ni kwamba paka na mtungaji wa vichekesho wana tabia zinazofanana. Wote wawili hukaa kimya pembeni mwa jiko wakitazama watu. Wote hujifanya wamelala ilhali masikio yako wima. Wote hungoja, na anayeruka kabla ya wakati hulala njaa. Mwandishi wa Kijapani Natsume Sōseki aliliona jambo hili alipomfanya paka asiye na jina kuwa msimulizi wa riwaya yake, iliyotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1905 na 1906. Paka yule huwasema wanadamu kwa uhuru ambao mwanadamu mwenzao asingethubutu kuutumia. Ucheshi unahitaji jicho la namna hiyo, lililo ndani ya nyumba lakini halimo katika ugomvi wa nyumba.

Na kwa nini Karagwe na Kyerwa? Kwanza, ni eneo la mipaka. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imepakana na Uganda na Rwanda. Karagwe nayo imepakana na Rwanda. Na Mto Kagera umekuwa mstari na njia kwa wakati mmoja. Pili, hapa Kiswahili na Kinyambo, yaani Runyambo, huishi katika nyumba moja, na hadithi inayosimuliwa na bibi katika lugha moja huandikwa na mjukuu katika lugha nyingine. Swali la msingi la mhadhara huu ni hili: hadithi inapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, kicheko huvuka nayo au hubaki ng'ambo?

2.0 Shahidi na Mwongo

Kila jamii ina mlango wa kuingilia hadithini. Katika Kiswahili, fanani hubisha hodi kwa kusema "Hadithi! Hadithi!", nayo hadhira huikaribisha hadithi, na mara nyingi huukaribisha uongo pia na kuuomba utamu ukolee. Huu ni mkataba wa wazi. Msimulizi anapewa leseni ya kudanganya, na msikilizaji anaahidi kutomshtaki.

Majirani wa Wanyambo, yaani Wahaya, wana mlango mwingine. Peter Seitel, aliyechapisha ngano za Wahaya mwaka 1980, alikichukua kiitikio cha hadhira na kukifanya jina la kitabu chake. Fanani hutangaza kwamba alikuja na akaona. Hadhira humjibu kwamba aone, ili nao wapate kuona. Hapa msimulizi haombi ruhusa ya kudanganya. Anajitambulisha kuwa shahidi, na hadhira inamwazima macho yake.

Tofauti ya milango hii miwili inagusa kiini cha ucheshi. Mtungaji wa vichekesho anaihitaji yote. Lazima awe mwongo, kwa sababu paka hasemi na mfalme wa hadithi hayupo katika orodha ya wafalme. Lakini lazima pia awe shahidi, kwa sababu kicheko hakitoki mahali ambapo msikilizaji haoni kitu. Ukisema "paka aliiba chakula", umetoa taarifa. Ukisema paka aliingia jikoni kwa mwendo wa mtu aliyealikwa, akapita kando ya jiwe la kusagia, akasimama kulisikiliza sefuria la ndizi na maharage kama daktari amsikilizaye mgonjwa, hapo hadhira imeona, nayo huanza kutabasamu kabla tukio halijatokea. Uongo wa jambo hubebwa na ukweli wa maelezo. Huo ndio msingi wa kwanza wa ufundi huu.

3.0 Paka katika Sarufi

Wanaisimu hupenda kudhani kwamba ucheshi ni jambo la maana tu. La hasha, ucheshi umo pia katika viambishi. Kiswahili kinampa mtungaji hazina ya sauti zinazofanana: paka, mpaka, kupaka, kupakata. Mtoto akiambiwa kwamba paka aliyepakwa rangi alipakatwa mpaka mpakani, atacheka kabla hajaielewa sentensi. Katika Kinyankore paka ni enjangu, na katika Kinyarwanda ni injangwe. Mnyama yuleyule huvuka mto kwa kubadili jina kidogo tu, lakini mchezo wa paka na mpaka hauvuki. Anayeitafsiri sentensi ile kwa lugha yoyote ya ukanda huu atafikisha paka, atafikisha rangi, atafikisha mpaka, ila hatafikisha kicheko.

Hasara hiyo haiko upande mmoja. Katika Kiswahili, kiambishi ki- hudogosha: paka akawa kipaka au kijipaka, na ji- hukuza: akawa jipaka. Lugha za kundi la Rutara, ambamo Runyambo, Kihaya na Kinyankore zimo, hudogosha kwa aka-, na kiambishi eki- katika lugha hizo mara nyingi hukuza, tena kwa dharau. Kwa hiyo umbo ambalo katika Kiswahili huonyesha mnyama mdogo wa kuhurumiwa, kwa sikio lililolelewa na lugha hizi laweza kumleta mnyama mkubwa, mzito, asiye na adabu. Fanani hodari anaweza kumnenepesha na kumkondesha paka ndani ya sentensi moja kwa kubadili kiambishi tu, bila kutumia kivumishi hata kimoja. Mfasiri anayeandika "paka mkubwa" na "paka mdogo" ametafsiri maana na kuuacha mchezo nje.

Hapa pana suala la elimu ambalo si la mzaha. Mtoto wa Kayanga au Nkwenda anapoandika "kapaka kadogo" katika insha, mwalimu huweka mstari mwekundu, kwa kuwa ka- si sehemu ya Kiswahili sanifu. Mwalimu yuko sahihi kwa kipimo cha usanifu. Lakini ka- hiyo husikika katika mazungumzo ya sehemu nyingi za bara, na katika kinywa cha mtoto huyu mara nyingi ndiyo inayobeba huruma na utani kwa pamoja. Mstari mwekundu usiofuatwa na maelezo humfundisha mtoto kwamba ucheshi wa nyumbani kwao ni kosa la sarufi. Baada ya mistari michache ya namna hiyo, mtoto huandika kwa usahihi, naye haandiki tena chochote cha kuchekesha. Kazi za uchambuzi wa lugha hii zipo, ikiwamo sarufi ya Runyambo ya Josephat Rugemalira ya mwaka 2005. Kilichobaki ni kuziruhusu zizungumze na darasa la Kiswahili.

4.0 Mizani ya Nyama

Msingi wa pili wa ufundi huu ni kuzuia. Hadithi ifuatayo ni maarufu katika ulimwengu wa Kiislamu. Imo katika Masnavi ya Jalaluddin Rumi, na wengine humsimulia Nasreddin kuwa mhusika wake. Mume analeta nyama nyumbani. Mke anaila, au anawakirimu nayo wageni, kisha anamsingizia paka. Mume hagombi. Anamchukua paka, anampima kwenye mizani, na uzito wa paka unakuwa sawasawa na uzito wa nyama iliyopotea. Ndipo anapouliza: ikiwa huyu ni paka, nyama iko wapi? Na ikiwa hii ni nyama, paka yuko wapi?

Uzuri wa hadithi hii umo katika yale ambayo haikuyasema. Mume hakutamka neno "mwongo". Msimulizi hakueleza kwamba mke aliumbuka. Mizani ilisema, nayo ilisema kwa namba tu. Mtungaji mchanga angeongeza sentensi moja ya mwisho kufafanua funzo, na sentensi hiyo ingeua kicheko, kwa maana kicheko ni malipo anayojilipa msikilizaji baada ya kuifanya hesabu mwenyewe. Ukimfanyia hesabu, umemnyang'anya malipo yake.

Ni vyema kukumbuka kwamba familia ya visa hivi imekwisha kujenga nyumba katika Kiswahili. Juha, mhusika wa vichekesho wa Waarabu, ametuachia neno la kawaida lenye maana ya mpumbavu, na Farouk Topan alilitumia katika jina la tamthilia yake Mfalme Juha ya mwaka 1971. Abunuwasi naye amekuwa mwenyeji pwani na bara kiasi kwamba watoto wengi hawajui kwamba jina lake ni la mshairi aliyeishi Baghdad. Vichekesho husafiri vizuri pale ambapo kiini chake ni hesabu ya akili, kama mizani ya nyama. Husafiri kwa taabu pale ambapo kiini chake ni kiambishi.

5.0 Ngazi ya Paka

Msingi wa tatu ni kurudia, na kujua mahali pa kuacha kurudia. Ngano isimuliwayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hueleza sababu ya paka kuishi jikoni. Paka alitafuta bwana aliye shujaa kuliko wote. Akakaa na chui, simba akamshinda chui. Akakaa na simba, tembo akamshinda simba. Akakaa na tembo, mwindaji akamwangusha tembo. Akamfuata mwindaji nyumbani. Huko akamwona mwindaji akikemewa na mkewe na kutii. Paka akaingia jikoni, na hajatoka mpaka leo.

Fanani hupanda ngazi hiyo kwa maneno yaleyale, na hadhira huanza kuyatamka pamoja naye. Kurudia huko hujenga matarajio ya aina moja: nguvu, tena nguvu zaidi, tena nguvu zaidi ya hiyo. Kisha kipimo chenyewe hubadilika. Mwanamke hampigi mwindaji, anamkemea tu. Kicheko huzuka kwa sababu ngazi iliyoonekana kuwa ya misuli imegeuka kuwa ngazi ya mamlaka. Fanani akiongeza kifaru na kiboko katikati, hadhira itachoka kabla ya kufika jikoni. Akipunguza na kubakiza simba peke yake, hapatakuwa na ngazi ya kuangusha. Hesabu ya vidato ni sehemu ya utunzi sawa na hesabu ya mizani katika shairi.

6.0 Paka wa Sultani Majnuni

Ngazi hiyohiyo inaweza kupandwa kuelekea giza. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha ngano za Kiswahili alizozikusanya Zanzibar. Miongoni mwazo mna kisa cha Sultani Majnuni, ambaye paka wake alianza kukamata mifugo. Watu wakaja kulalamika. Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake. Paka akazidi kula, na jibu likawa lilelile. Mwishowe paka akala watu, wakiwamo wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo mfalme alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda, mla watu. Aliyemwua ni mwana mdogo aliyekuwa akidharauliwa, baada ya kuua wanyama wengi na kuambiwa na mama yake kila mara kwamba huyo siye.

Nusu ya kwanza ya kisa hiki ni kichekesho safi. Jibu la sultani linachekesha mara ya kwanza, kwa kuwa ni mantiki ya tajiri mvivu. Mara ya pili linachekesha zaidi. Kisha, bila jibu kubadilika hata neno, kicheko kinakauka kooni. Fanani hakubadili sauti. Kilichobadilika ni ukubwa wa kilicholiwa. Hakuna hotuba ya siasa inayoeleza vizuri zaidi jinsi uovu unavyolelewa na mwenye mamlaka anayeuita mali yake. Na sarufi ingeweza kuifuata ngazi hiyo hatua kwa hatua: kipaka, paka, jipaka, hadi lugha inapoishiwa na viambishi na kulazimika kutafuta neno jipya kabisa, nunda.

Katika mkusanyo huohuo mna kisa cha Sultani Darai. Kisa hicho ni ndugu wa hadithi ya paka mwenye viatu iliyochapishwa na Charles Perrault nchini Ufaransa mwaka 1697: mnyama mwerevu anamwoza bwana wake maskini kwa binti wa mfalme. Lakini katika Kiswahili mnyama huyo si paka, ni paa. Paka wa Perrault alimaliza hadithi akiwa bwana mkubwa. Paa wa Zanzibar aliugua, akadharauliwa na yule aliyemtajirisha, akafa. Na bwana wake akaamka amerudi jaani alikokuwa. Pengine mabadiliko ya mnyama si bahati nasibu. Methali husema kwamba paka hakubali kulala chali. Ni mnyama asiyesalitika kwa urahisi. Hadithi ya usaliti ilihitaji mnyama anayeamini.

7.0 Anayepima na Anayepimwa

Suala la nani anachekwa na nani limeandikwa wazi katika historia ya Karagwe. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Kiswahili kilikuwa kimetangulia, kwa kuwa wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo Kafuro. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, Speke alieleza jinsi alivyompima kwa utepe mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme aliyenenepeshwa kwa maziwa kwa mujibu wa desturi ya heshima ya wakati huo. Aliandika kwamba mkono wake ulikuwa na mzingo wa futi 1 na inchi 11, na kimo chake futi 5 na inchi 8. Wasomaji wa London walicheka, na kisa hicho kimeendelea kurudiwa.

Hii nayo ni hadithi ya mizani, lakini imepinda. Katika kisa cha nyama, anayepima anatafuta ukweli uliofichwa na mwenye kosa. Katika kisa cha Speke, anayepimwa hana kosa, na namba hazifichui lolote ila ugeni wa mpimaji. Hata hivyo, Speke mwenyewe aliacha mlango wazi. Alikiri kwamba ili akubaliwe kupima, ilimpasa naye amwonyeshe yule mama miguu na mikono yake mitupu. Palikuwa na mapatano, basi. Palikuwa na watazamaji wawili, na kila mmoja alikuwa maonyesho ya mwenzake. Kilichofika kwenye uchapaji ni nusu moja tu ya kichekesho.

Nusu ya pili ni mali ya mtungaji wa Karagwe. Si vigumu kuiona: mgeni aliyetoka mbali akitafuta mwanzo wa mto, amesimama amekunja suruali, ngozi yake rangi ya ndizi iliyomenywa, mbele ya mama ambaye hana haja ya kusimama. Paka, kama alikuwapo, aliwatazama wote wawili. Kuiandika nusu hiyo hakuhitaji kubuni ukweli mpya. Kunahitaji kuhamisha jicho tu. Ndiyo maana ya kiitikio cha Wahaya: ona, ili nasi tuone. Kwa zaidi ya miaka 160 tukio hili limeonwa kwa jicho moja.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba hadithi ya kuchekesha ina misingi inayoweza kuchambuliwa: ushahidi wa jicho, uzuiaji wa neno la mwisho, hesabu ya vidato, na uchaguzi wa anayechekwa. Umeonyesha pia kwamba si kila kicheko huvuka mpaka. Kicheko cha hesabu huvuka. Kicheko cha kiambishi hubaki, isipokuwa pale ambapo mtunzi anazimiliki lugha zote mbili na haoni aibu kwa yoyote kati yake.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wanafunzi wanaotoka Karagwe na Kyerwa wahimizwe kukusanya ngano za kuchekesha katika Kinyambo pamoja na kicheko chake: mahali hadhira ilipocheka paandikwe, kama wanamuziki waandikavyo pumziko. Pili, tafsiri za Kiswahili za ngano hizo zisifanywe kwa kufuta viambishi vya utani, bali zitafute mchezo mwingine wa Kiswahili ulio na thamani sawa. Tatu, walimu wa lugha watenganishe kosa na mtindo, ili mstari mwekundu usikate ulimi pamoja na kosa.

Methali inasema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Wasimulizi wazee wanaondoka mmoja mmoja, na jiko walilolilinda lina ghala la nafaka nyingi. Panya wa usahaulifu hawana haraka, nao hawachekeshi. Ni wajibu wa taaluma ya Kiswahili kuhakikisha kwamba jikoni bado yuko mnyama mdogo aliyejifanya amelala, masikio yake yakiwa wima.